Muulize Mwenye Nalo: Packard One-Twenty ya Mwaka 1936

Mzee alitoa sarafu ya senti 5 mfukoni, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu, cha injini iliyokuwa ikizunguka. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Sarafu haikuanguka. Ilitetemeka kidogo, kama maji ya ndoo yanavyotetemeka mtu akipita karibu, lakini ilibaki imesimama, na chini yake silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja zilikuwa zikichoma petroli mara 2,000 hivi kwa dakika. Gari lenyewe ni Packard One-Twenty ya mwaka 1936, sedani ya milango minne, ya rangi ya buluu iliyoiva, na injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani Detroit. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari kwa zaidi ya miaka 20, kwanza katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na sasa hapa Dayton katika jimbo la Ohio, na nimefungua injini mpya kabisa ambazo zisingeibeba sarafu ile hata kwa sekunde tatu.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, jirani yangu, ambaye alirithi gari hilo kwa baba yake mdogo akiwa bado kijana, na hajaliuza ingawa ameletewa bei nzuri mara kadhaa. Aliniomba nimsaidie kurekebisha breki, na malipo niliyoyataka yalikuwa ruhusa ya kuliendesha. Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimelizungusha katika barabara za mashambani nje ya mji, nimelala chini yake na tochi, na nimefungua boneti yake zaidi ya mara ninazokumbuka. Nataka kueleza jinsi gari hilo lilivyo, na pia kulitetea, kwa sababu One-Twenty imebebeshwa lawama nzito. Wapo wapenzi wengi wa magari ya kale wanaosema kwamba ndiyo iliyoiua Packard. Kwamba kampuni iliyokuwa ikiwauzia magari marais na matajiri wakubwa ilishusha hadhi yake siku ilipobandika jina lake juu ya gari la bei ya wastani, na tangu siku hiyo haikuinuka tena. Mimi siamini hivyo, na kila nikishika usukani wa gari hili naamini kidogo zaidi kwamba wanakosea.

Historia ya Packard inaanza na mteja ambaye gari lake lilimkera. James Ward Packard alikuwa mhandisi aliyehitimu katika chuo cha Lehigh mwaka 1884, na pamoja na kaka yake, William Doud, walikuwa na kiwanda cha taa na vifaa vya umeme katika mji mdogo wa Warren, Ohio. Mwaka 1898 James alinunua gari la Winton, lililotengenezwa Cleveland, na safari ya kulipeleka nyumbani, ya kilomita 100 na ushei, ikawa ya kusimamasimama njiani. Alirudi kwa mtengenezaji wake, Alexander Winton, na mapendekezo ya mambo ambayo yangeweza kufanywa vizuri zaidi, na husimuliwa kwamba Winton, baada ya kuchoshwa na mapendekezo hayo, alimwambia kuwa kama anajua zaidi basi akatengeneze gari lake mwenyewe. James alifanya hivyohivyo. Aliwavuta upande wake watu wawili waliokuwa na Winton, George Weiss na William Hatcher, na tarehe 6 Novemba 1899 gari la kwanza la Packard, lenye silinda moja tu, lilipita katika mitaa ya Warren. Gari hilo lipo mpaka leo, nalo limehifadhiwa Lehigh. James alikuwa pia mpenzi mkubwa wa saa za mfukoni, akiagiza za kipekee kutoka kwa mafundi wa Patek Philippe huko Geneva, na nalitaja jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu hata katika gari lililotengenezwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka kiwandani, ukipita chini yake kwa tochi utauona bado ule moyo wa mtu asiyevumilia kitu kilicholegea.

Mwaka 1901 kuna mtu aliandika barua akiomba kijitabu cha maelezo ya gari. Kijitabu hakikuwapo, na James akaagiza ajibiwe kwamba amuulize mwenye nalo. Maneno hayo yalikuwa tangazo la kampuni kwa zaidi ya miaka 50, na sijui kama kuna tangazo la gari lililowahi kuwa na ujasiri zaidi, kwa kuwa linamkabidhi mteja ushahidi wote. Miongoni mwa waliousikiliza ushahidi huo alikuwa Henry Joy, kijana wa familia tajiri ya Detroit, ambaye inasemekana akiwa New York aliona Packard mbili zilizoegeshwa kando ya barabara zikiwaka mara moja na kulifuata gari la zimamoto lililokuwa likipita, wakati ambapo magari mengi ya zama zile yalihitaji kubembelezwa ndipo yawake. Joy alinunua lake, akawashawishi matajiri wenzake kuweka mtaji, na mwaka 1903 kampuni ikahamia Detroit, katika kiwanda kipya kilichosanifiwa na Albert Kahn kwenye barabara ya East Grand Boulevard. Jengo namba 10 la kiwanda hicho, la mwaka 1905, lilijengwa kwa zege lenye nondo, likawa la kwanza la aina hiyo katika viwanda vya magari vya Detroit. Nguzo zikapungua, madirisha yakapanuka, na fundi akapata mwanga na nafasi. Mwaka uleule wa 1903 dereva Tom Fetch aliendesha Packard ya silinda moja kutoka San Francisco hadi New York kwa siku 61, akipita katika nchi ambayo sehemu kubwa haikuwa na barabara ya kuitwa barabara.

Baada ya hapo Packard ikawa jina lisilohitaji maelezo. Mwaka 1915 mhandisi wake mkuu, Jesse Vincent, alitoa Twin Six, gari la silinda 12 lililotengenezwa kwa wingi wakati ambapo watengenezaji wengine wa magari ya fahari walikuwa bado wanahesabu mpaka 6 au 8. Mwaka 1917 Vincent na Elbert Hall walijifungia katika hoteli moja ya Washington na kwa siku chache wakachora injini ya ndege iliyoitwa Liberty. Mwaka 1921 Warren Harding alikwenda kuapishwa akiwa ndani ya Twin Six, rais wa kwanza wa Marekani kwenda kwenye kiapo chake kwa gari la injini badala ya la farasi. Katika miaka ya 1920 Packard iliuza zaidi ya Cadillac, na umbo la rejeta yake, lililopinda mabegani kama nira ya ng'ombe tangu mwaka 1904, lilitambulika kabla gari halijakaribia.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Ni lazima msomaji auweke akilini, kwa sababu lawama zote dhidi ya One-Twenty hutolewa kana kwamba Packard ilikuwa na nafasi ya kuchagua kwa raha zake. Peerless ilikuwa imeacha kutengeneza magari mwaka 1931. Marmon ilifuata mwaka 1933, na Franklin mwaka 1934. Duesenberg, ambayo magari yake yaliwashinda wote kwa nguvu na bei, ilifunga mwaka 1937, na Pierce-Arrow ya Buffalo, ndugu wa karibu kabisa wa Packard kwa heshima na kwa wateja, ilikwisha mwaka 1938. Wateja wa gari la dola 3,000 hawakuwa wameishiwa fedha tu. Hata waliobaki nazo waliona haya kuonekana na gari kama hilo mbele ya watu waliopanga mistari kusubiri supu. Alvan Macauley, aliyekuwa akiiongoza Packard tangu mwaka 1916, aliona maji yamefika shingoni. Aliajiri watu wa uzalishaji waliokomaa katika viwanda vya General Motors, akiwemo George Christopher, akawapa sehemu ya kiwanda waipange upya kwa ajili ya gari moja tu, na mwezi Januari 1935 One-Twenty ikaingia sokoni. La bei ya chini kabisa lilianzia dola 980, wakati Packard nyingine zote zilikuwa zaidi ya dola 2,000. Mwaka wa kwanza yakatengenezwa karibu 25,000. Mwaka wa pili, ambao ndio wa gari la mzee, yalizidi 55,000. Kampuni ambayo katika mdororo ilikuwa ikihesabu magari yake kwa maelfu machache ikawa ghafla na wateja wanaosubiri zamu, wengi wao walimu, wafanyabiashara wa kati na madaktari wa miji midogo waliokuwa wameliota jina hilo tangu utotoni.

Jina One-Twenty linatokana na kipimo: inchi 120, yaani kama sentimita 305, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwaka 1935 injini ilikuwa ya lita 4.2 na nguvu farasi 110. Mwaka 1936 ikakuzwa kufikia lita 4.6 na nguvu farasi 120, na hapo namba mbili zikakutana. Vali zote ziko pembeni, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na hilo linamaanisha kwamba silinda hedi ni bamba tambarare la metali ambalo unaweza kulisugua likang'aa. Ndiyo maana sarafu inapata mahali pa kusimama. Lakini kinachoifanya isianguke ni krenki ndefu na nzito iliyosawazishwa kwa uangalifu, na mpangilio wa silinda 8 katika mstari mmoja, ambao kwa asili yake mitikisiko yake inafutana yenyewe kwa yenyewe. Nililala chini ya injini hiyo nikiwa nimeweka kiganja kwenye sampu, lile bakuli la oili, na nilichokihisi kilikuwa kama kupumua kwa mnyama mkubwa aliyelala.

Unapokaa kwenye kiti cha dereva, jambo la kwanza ni urefu wa boneti. Inaenda mbele ikizidi kuwa nyembamba, na mwishoni kabisa inasimama ile shingo ya rejeta, na juu yake sanamu ya ndege ambayo wenye Packard wanabishana mpaka leo kama ni mwari au mnandi, kwa kuwa kampuni yenyewe iliwahi kuiita kwa majina yote mawili. Viti vimevikwa kitambaa cha sufu cha rangi ya kijivu kinachokwaruza kidogo kwenye mkono mtupu. Nyuma ya kiti cha mbele kuna kamba iliyosokotwa kwa ajili ya kutundika blanketi la abiria, na nafasi ya miguu ni kubwa kiasi kwamba mtu mrefu anaweza kunyoosha goti. Mlango unafungwa kwa sauti moja fupi, bila kurudia. Nimefunga mlango huo mara nyingi bila sababu nyingine ila kuisikia sauti hiyo.

Klachi ni nzito lakini haina ukatili. Inashika polepole, na gari linaondoka kama linavutwa kwa kamba ndefu. Gia ni tatu, kwa fimbo inayotoka sakafuni, na ya pili na ya tatu zina vilinganishi, kwa hiyo ni ya kwanza peke yake inayohitaji gari lisimame kabisa ndipo uiingize. Hapo ndipo gari linapoanza kukufundisha. Mtu aliyezoea magari ya sasa atapandisha gia kwa mwendo, akisubiri injini ipige kelele ndipo abadilishe, lakini injini hii haitaki hivyo. Mzee aliniambia, "Weka ya tatu, halafu uisahau." Nikaweka ya tatu tukiwa tunatembea polepole kama mtu anayekimbia mchakamchaka, nikakanyaga mafuta, na gari likavuta kutoka hapo mpaka kilomita 80 kwa saa bila kigugumizi, likipanda mwinuko mrefu karibu na mashamba ya soya kana kwamba barabara imelala. Nguvu yake haiji kwa kishindo. Inakuja kama mafuriko ya mto mpana, ambayo huyaoni yakipanda mpaka utazame mahali lilipokuwa jiwe.

Sehemu iliyonishangaza zaidi, hata hivyo, ni miguu yake. Packard kubwa za mwaka huohuo wa 1936, zile zilizouzwa zaidi ya mara mbili ya bei hii, bado zilikuwa na ekseli nzima ya mbele na breki zinazovutwa kwa nyaya. One-Twenty ilipewa breki za haidroliki kwenye magurudumu yote manne, na mbele kila gurudumu linainuka na kushuka peke yake kwa springi ya mzunguko, likiwa limeshikiliwa na mkono mrefu unaorudi nyuma mpaka kwenye chesisi, ili nguvu ya breki isiupindishe usukani. Kampuni iliupa mfumo huo jina la Safe-T-fleX. Magari makubwa yalikuja kupata mambo hayo mawili mwaka 1937, miaka miwili baada ya mdogo wao. Nilivuka reli ya zamani iliyopinda, mahali ambapo gari langu la miaka ya karibuni hugonga mpaka meno, na One-Twenty ikapita ikiwa imetulia, mwili ukipanda na kushuka mara moja tu. Breki nazo zinashika sawa pande zote, ila zinataka mguu wenye nia, na ni mfumo wa mstari mmoja: bomba moja likivuja, pedali inakwenda mpaka sakafuni na unabaki na breki ya mkono. Hilo si jambo dogo, na ndilo lililonifanya nibadilishe mabomba yote ya mpira kabla ya kuliendesha.

Usukani ni mkubwa na mwembamba, na gari likiwa limesimama linahitaji mabega. Likianza kwenda uzito huo unaondoka, lakini mizunguko ni mingi, na kona kali inabidi uianze mapema. Gari lina kilo 1,600 hivi na halifichi uzito huo. Taa zake za mbele, kwa umeme wa volti 6, zinaangaza njia kwa mwanga wa rangi ya asali unaotosha kwa mwendo wa zamani tu; mimi nisingeshauri kuliendesha usiku katika barabara kuu. Hapa niongeze jambo lililomkuta mzee: gereji moja aliyoipelekea gari miaka kadhaa iliyopita ilimwekea balbu za volti 12, na kwa msimu mzima akawa anadhani jenereta inakufa, akabadilisha betri mara mbili, mpaka nilipozitoa balbu na kusoma maandishi kwenye kitako. Alikaa kimya kwa muda mrefu akiwa ameishika moja mkononi. Fundi asiyejua gari la zamani ni vizuri aseme hajui, kwa sababu mwenye gari la namna hii analitunza kama mtu anayetunza kaburi la mzazi.

Petroli linakunywa. Mzee anakadiria lita 15 au 16 kwa kila kilomita 100, na vipimo vyangu havikutofautiana sana naye. Siku za joto, petroli ya sasa yenye mchanganyiko wa ethanoli huchemka mapema katika mabomba ya magari ya umri huu, likiwa la kampuni yoyote ile, na injini ikazimika baada ya kuegeshwa kwa dakika kumi. Wenye magari ya kale hubeba kitambaa na chupa ya maji ya kupoza pampu ya mafuta.

Hapa Dayton tuna bahati, kwa sababu jengo lililokuwa duka la kuuzia Packard tangu mwaka 1917 sasa ni America's Packard Museum, na mtu anaweza kwenda kuziangalia Packard za daraja la juu za miaka hiyohiyo na kulinganisha. Nimefanya hivyo, na sitaki kudanganya: tofauti ipo. Zile kubwa zina mfumo wa Bijur, ambao husambaza oili wenyewe kwenye viungo vyote vya chesisi, wakati One-Twenty inakutaka upite chini na bomba la grisi, kiungo kwa kiungo. Kromu yao ni nene zaidi, mbao za ndani zimechaguliwa kwa jicho la seremala wa samani, na baadhi ya bodi zilitengenezwa moja moja kwa agizo. Twelve ya mwaka 1936, Packard ya silinda 12 yenye injini ya lita 7.8, ni gari la kumfanya mtu avue kofia. Lakini simama mbele ya zote mbili uziangalie kwa dakika moja. Nira ya rejeta ni ileile. Mstari unaoanza kwenye boneti na kukimbia ubavuni ni uleule. Katikati ya vikombe vya magurudumu kuna umbo la pembe sita lenye rangi nyekundu, ileile. Waliolitengeneza lile dogo hawakulipa vazi la kuazima; walilipa damu ya ukoo.

Ndiyo maana nasema lawama imeelekezwa mahali pasipo pake. Wanaolaumu huuliza kwa nini Packard haikutumia jina jingine, kama Cadillac ilivyofanya kwa LaSalle, jina la magari yake ya bei ya chini, na swali hilo lina uzito. Jibu langu ni kwamba mwaka 1935 Packard haikuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa jina. Cadillac ilikuwa na General Motors nyuma yake ya kuibeba hata ikila hasara. Packard ilikuwa peke yake. Mwaka 1937, baada ya kuongeza gari la silinda 6, ilitengeneza magari zaidi ya 120,000, idadi ambayo haijawahi kuifikia kabla ya hapo, na faida hiyo ndiyo iliyolipia Twelve ziendelee kutengenezwa mpaka mwaka 1939, ndiyo iliyolipia kiyoyozi cha kwanza kutolewa na mtengenezaji wa magari, mwaka 1940, na ndiyo iliyokiacha kiwanda kikiwa hai na chenye mafundi wakati vita ilipokuja. Katika kiwanda hicho zilitengenezwa injini za ndege za Merlin zaidi ya 55,000 kwa leseni ya Rolls-Royce, ambazo nyingi ziliingia katika ndege za Mustang, pamoja na injini za boti za kivita za PT. Kampuni iliyokwisha isingefanya kazi hiyo.

Makosa yaliyoimaliza yalikuja baadaye, na yana tarehe zake. Baada ya vita watu wenye fedha walikuwa wanalilia magari ya fahari, lakini uongozi uliendelea kutegemea magari ya bei ya kati, huku Cadillac ikiichukua nafasi ya juu bila kupiganiwa. Mwaka 1948 ukatolewa mwili mnene uliotokana na wa kabla ya vita, ambao watu waliubatiza tembo mjamzito. Uhandisi haukufa: mwaka 1949 ilitoa giaboksi ya otomatiki ya Ultramatic, iliyobuniwa na Packard yenyewe wakati makampuni mengine madogo yalikuwa yakinunua za wenzao. Lakini bodi zake zilikuwa zikitengenezwa na kampuni ya nje, Briggs, na mwaka 1953 Chrysler ikainunua Briggs, Packard ikalazimika kuhamishia kazi hiyo katika jengo dogo la Conner Avenue. Mwaka 1954 iliungana na Studebaker, kampuni nyingine ya magari, ambayo hali yake ya fedha ilikuwa mbaya zaidi ya ilivyodhaniwa. Gari la mwaka 1955 lilikuja na injini mpya ya V8 na springi za msokoto zilizounganisha gurudumu la mbele na la nyuma, zenye mota ya kulisawazisha gari likipakiwa, wazo zuri kuliko yote ya mwaka ule, lakini ubora wa ukamilishaji ulikuwa umeyumba na wateja hawakusubiri. Tarehe 25 Juni 1956 Packard ya mwisho ilitoka Detroit. Zilizofuata zilikuwa Studebaker za South Bend, Indiana, zilizovishwa jina, na mwaka 1958 nazo zikakoma. Majengo ya Kahn yalichakaa kwa miongo mingi, madirisha yamevunjika, mpaka yalipoanza kubomolewa mwaka 2022. Katika mlolongo huo wote sioni mahali ambapo gari la mwaka 1935 linaingia kama mshtakiwa. Lililetwa kuiokoa kampuni, likaiokoa kwa miaka 20.

Kwa anayefikiria kununua, lawama hizo zina faida moja ya wazi: zimeishusha bei. Klabu kubwa ya magari ya kale ya Marekani, inayotoa hadhi ya Full Classic kwa Packard za daraja la juu, haiihesabu One-Twenty ya kawaida katika orodha hiyo, na wakusanyaji wanaofuata orodha huipita. Kwa kuwa zilitengenezwa nyingi, vipuri bado vinapatikana, na mambo mengi ya injini fundi mwenye subira anaweza kuyafanya mwenyewe. Angalia kwanza nyufa kati ya vali na silinda katika bloku, kwa sababu injini ya vali za pembeni iliyowahi kuchemka sana hupasuka hapo, na dalili yake ni maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Inua mazulia uangalie kutu kwenye sakafu na mahali madigadi ya nyuma yanapoungana na mwili. Chungulia ndani ya njia za maji, maana bloku ya umri huu hukusanya matope ya kutu nyuma kabisa, kwenye silinda ya nane, na hiyo ndiyo huanza kuungua. Ile ya mzee tuliitolea matope ya kujaza kopo la kilo mbili kupitia tundu la plagi za maji. Halafu mwombe mwenye nalo aliwashe, aliache lipate moto, na akupe sarafu.